Kiwanja, Kibanja

Miaka ishirini na tisa nilishika vidole vya watu.
Wezi wa kuku, wauaji, kijana aliyeiba betri ya bodaboda,
nikavipaka wino, nikavibiringisha kwenye karatasi
polepole, ukingo wa ukucha hadi ukingo,
na sikuwahi kukosea kidole cha mtu.

Kumbe karatasi yenyewe sikuijua.

Kiinua mgongo kilipotoka nikasema basi.
Nimezaliwa kambini Nsambya, kwenye kibanda cha bati la duara
baba alichokabidhiwa kikahesabiwa pamoja na buti zake;
nimezeeka Naguru, chumba chenye namba.
Sasa nataka mlango ambao hakuna afande
atakayenipa siku saba niuhame.

Bwana Ssemwogerere alinipeleka Matugga.
Nyumba ya vyumba vitatu, plasta bado mbichi.
Akafungua bahasha: hati miliki,
muhuri mwekundu, ramani ya mistari minyoofu
kama mkunjo wa suruali ya gwaride.
Nikainusa, hata. Ilinukia ofisi.
Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri wake, akala asilimia kumi,
tukanywa soda.

Wiki ya pili, alfajiri, nikasikia jembe.

Bibi mwenye gomesi iliyopauka
anapalilia nyuma ya choo changu.
"Wewe nani?"
"Nalumansi. Na hawa," akaelekeza mpini, "ni watu wangu."
Makaburi manne. Moja fupi sana.
Mimi nilidhani matuta ya viazi.

Kiswahili changu cha kambini ndicho kilichoniponza.
Siku ya kuonyeshwa walisema kibanja, kibanja,
mimi nikasikia kiwanja.
Herufi moja tu, na ndani ya herufi hiyo
mwanamke amekaa tangu mimi sijaota gego,
analipa busuulu, anatunza risiti kwenye kopo la majani ya chai.
Mpaka wake hauna jiwe la mpimaji.
Ni mstari wa luwaanyi uliopandwa na mama mkwe wake;
ukiukata, unachipua.

Nikaenda ofisi ya ardhi, Wakiso.
Dirisha namba nne. Rudi kesho. Mtandao umelala.
Faili liko kwa bosi, bosi yuko semina.
Siku ya tisa karani akainua macho:
"Hati ni ya kweli, mama.
Aliyekuuzia ndiye wa uongo."
Mwenye jina lile alishakufa. Watoto wake wameweka zuio.
Benki nayo ina mkono humo ndani.
Akanirudishia bahasha kwa ncha za vidole,
kama mtu aliyeshikishwa nepi.

Simu ya Ssemwogerere haipatikani.
Vidole vyake nilivishika mara moja tu,
tulipopeana mkono.

Usinipe pole. Mali bila daftari
hupotea bila habari, walitufundisha.
Daftari nilikuwa nalo.

Jana jioni Nalumansi alikuja na gonja mbili za kuchoma,
akakaa kwenye ngazi yangu, au yake, au ya benki.
Tukaandika: yeye na makaburi yake, mimi na mabati yangu,
atakayekuja kumfukuza mmoja atukute wawili.
Kusaini hajui. Nikatoa kichupa changu cha wino,
cha kazini, sikukirudisha stoo,
nikalishika gumba lake kama nilivyozoea.

Halikuacha mstari hata mmoja.
Jembe limeyala yote, mapindo na vizingo,
gumba laini kama kokoto la mtoni.
Nikalifuta, nikarudia. Nikarudia tena.
Doa jeusi la duara, basi,
ambalo wakili yeyote atasema si lake.

Yeye akacheka, akajipangusia kwenye gomesi.
Tukaiacha karatasi mezani ikauke.

Alfajiri nikasikia jembe.